Uchungu wa Chinsaga Hauondoi Kisukari

WAGONJWA wengi wa kisukari wanaotoka Kisii na Nyamira huja kwa daktari wakiwa na imani moja, kwamba kitu kichungu hufukuza kitu kitamu mwilini. Mtu akiambiwa ana sukari huanza kula chinsaga asubuhi na jioni, hunywa maji ya mizizi, na baada ya wiki chache huweka tembe zake kando. Chinsaga, ambayo kwa Kiswahili huitwa mgagani, ni mboga bora na mimi mwenyewe huila. Lakini haitibu kisukari.

Wanga tunaokula, uwe wa ugali, ndizi au viazi, hugeuzwa tumboni ukawa sukari iitwayo glukosi na kuingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo huiwezesha sukari hiyo kutoka katika damu na kutumiwa na mwili. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kongosho karibu haitoi insulini kabisa. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa wengi, insulini ipo lakini mwili hauitii ipasavyo, na baada ya miaka nayo hupungua. Uchungu wa mboga huishia ulimini.

Wengine huacha ugali mweupe wakala wa wimbi. Hilo ni jambo jema, kwani wimbi lina nyuzinyuzi zaidi, ila mlima wa ugali wa wimbi bado ni mlima wa wanga. Ndizi za kupika ni hivyo hivyo. Gawa sahani yako: nusu iwe mboga, robo iwe ugali au ndizi, na robo iliyobaki maharagwe, samaki au kuku. Hapo ndipo chinsaga na managu hufanya kazi yao, kwa sababu hushibisha bila kupandisha sukari sana. Chai nayo haina kosa. Kosa ni vile vijiko vinne vya sukari.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban watu wazima 88 kati ya 100 nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari, na kipimo chenyewe ni tone la damu tu. Kwa mtu ambaye hajala usiku kucha, milimoli 7.0 kwa lita au zaidi ni kisukari, ingawa asiye na dalili hupimwa tena ili kuhakikisha. Dalili ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kukonda na uchovu.

Kwa mtoto, tafadhali msikawie. Katika nyanda zetu mtoto akitapika na kulegea, kila mtu hufikiria malaria. Ikiwa amekuwa akinywa maji mengi, ameanza tena kukojoa kitandani na sasa anapumua kwa kasi na kwa kina, apelekwe hospitali na kupimwa sukari siku hiyo hiyo. Mtoto wa aina ya kwanza akinyimwa insulini kwa ajili ya mitishamba atakufa. Kama nyumbani hakuna friji, chupa ya insulini iwekwe ndani ya kibuyu au mfuko usiopitisha maji, kisha katika chungu cha udongo chenye maji, kivulini.

Neno moja kwa wachuma majani chai, ambao huondoka alfajiri. Ukimeza tembe za kushusha sukari au kudunga insulini kisha ukaenda shambani bila kula, sukari inaweza kushuka mno. Utatetemeka, utatoka jasho jembamba, na wenzako watadhani umelewa. Beba sukari mfukoni. Vijiko vitatu au vinne vya chai katika maji vitakuinua, kisha ule chakula. Aliyezimia asitiliwe chochote kinywani. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.