Si kila baka ni choa

Juzi alinijia mama mmoja wa Changamwe, ametengewa sahani nyumbani wakidhani ana choa. Dawa ya choa haikufua dafu. Kumbe ni soriasisi, maradhi yasiyoambukiza. Kwenye viwiko na magoti huwa mabaka manene yenye magamba meupe. Lakini katika ngozi nyeusi mara nyingi hayawi mekundu kama vitabuni, huwa ya zambarau au kijivu. Kichwani hudhaniwa mba. Makwapani na kinenani, penye jasho, magamba ni haba. Baka ni laini, lang'aa, na hapo hata sisi madaktari hukosea. Basi, msomaji, tazama kucha: zikiwa na vishimo kama vya sindano, au viungo vikikakamaa asubuhi, acha kujinunulia marhamu dukani, nenda hospitali.