Stetimenti Inapohamishwa, Pesa Zako Zinabaki Wapi?

Ukipata ujumbe kwamba rekodi za miamala zinahamishwa, swali la kwanza huwa moja, na ni la haki: pesa zangu je? Jibu ni kwamba salio lako halihami. Kinachohama ni historia, yaani ile orodha ya nani ulimtumia, nani alikutumia, kiasi gani na lini. Wacha tueleze kwa nini tunatenganisha hivi viwili, maana ukilielewa hilo utajua la kufanya siku umelipa dukani, historia kwenye simu haionyeshi kitu, na mwenye duka anakuangalia tu.

Mfumo wa kawaida wa benki na kampuni za pesa ni hifadhidata ya majedwali. Wazo lenyewe lilitolewa na Edgar Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970, na halijachakaa. Wateja wana jedwali lao, akaunti lao, mawakala lao, miamala lao. Ukiomba stetimenti ya miezi 6, kompyuta inapitia majedwali hayo yote na kuunganisha vipande. Sasa fikiria mwisho wa mwezi, au Januari wakati wa karo, watu wengi wakiomba stetimenti kwa pamoja. Wanasoma majedwali yale yale ambayo wakati huo huo yanakata na kuongeza salio. Foleni inakuwa ndefu.

Hifadhi za aina ya NoSQL hufanya kazi kivingine. Rekodi moja ya muamala hubeba kila kitu ndani yake: mtumaji, mpokeaji, kiasi, ada, wakala, saa. Hakuna kuunganisha. Tena rekodi hizo hugawanywa kwenye mashine nyingi, na kila moja huwa na nakala kadhaa, kwa hivyo mashine moja ikizimika nyingine inajibu.

Lakini kuna bei yake. Katika nyingi ya hifadhi hizi, nakala zote hazipati habari mpya kwa wakati mmoja; moja inaweza kubaki nyuma kidogo. Kwa historia, hiyo si neno. Kwa salio, ni hatari. Tuseme una Sh1,000. Unamtumia mama mboga Sh800, na sekunde hiyo hiyo bili ya Sh700 inakatwa. Kama kila mashine inaona Sh1,000, zote mbili zitakubali, na Sh500 ambazo hazikuwepo zitakuwa zimetumika. Ndiyo maana kukata kwako na kuongezewa mwenzako lazima kufanyike pamoja au kusifanyike kabisa. Ni kweli baadhi ya hifadhi za NoSQL siku hizi zinaweza hilo. MongoDB, kwa mfano, ilianza mwaka 2018. Hata hivyo kwa maoni yetu salio likae kwenye majedwali. Kazi hiyo majedwali yameifanya miaka mingi na yanaijua.

Kuhama si jambo la usiku mmoja. Amazon ilipotangaza mwaka 2019 kwamba biashara yake ya wateja imezima hifadhidata ya mwisho ya Oracle, ilikuwa imehamisha karibu hifadhidata 7,500, na ilikuwa kazi ya miaka. Hatua ni hizi: muamala mpya unaandikwa pande zote mbili, kisha ya zamani inanakiliwa kidogo kidogo, kisha tunalinganisha idadi na jumla ya kila siku, akaunti kwa akaunti. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, hatusongi mbele.

Vitu vinavyoharibu kazi hii huwa vidogo ajabu. Nambari ya simu ikihifadhiwa kama hesabu, ile sufuri ya mbele inapotea. Kialama cha jina kama Ng'ang'a kinaweza kugeuka takataka. Saa nazo: kompyuta nyingi huweka muda ulio nyuma ya wetu kwa saa 3, hivyo pesa uliyotuma saa saba na nusu usiku tarehe 1 Julai inaweza kuonekana ya Juni 30. Mweka hazina wa chama anajua vurugu ya hiyo.

Kubwa kuliko yote ni nambari ya simu yenyewe. Inavutia kupanga historia yote chini ya nambari, kwani si ndiyo inayomtambulisha mteja? Hapana. Laini isipotumika kwa muda mrefu, nambari hupewa mtu mwingine. Ukipanga kwa nambari, mgeni huyo akifungua historia ataona karo ya watoto wako, hospitali uliyolipa, na majina ya jamaa zako. Kwa hivyo rekodi zinapangwa kwa nambari ya akaunti, ambayo hapewi mtu mwingine, na nambari ya simu inakuwa maelezo tu.

Sasa turudi dukani. Historia haionyeshi malipo? Usitume tena. Angalia salio kwanza. Kama limepungua, pesa imetoka, na ujumbe wa uthibitisho una nambari ya muamala ambayo mwenye duka anaweza kulinganisha na ujumbe wake. Watu wengi hulipa mara mbili hapa, kwa haraka tu.

Na akikupigia mtu akisema "tunahamisha mfumo, tupe PIN tusipoteze akaunti yako," kata simu. Kunakili rekodi hakuhitaji PIN ya mteja, hata hatua moja.

Usifute SMS za miamala kipindi hiki. Ukiona pengo kwenye stetimenti, tupe nambari ya muamala na tarehe. Kwa hizo mbili tunautafuta pande zote, wa zamani na mpya.