Kuihoji Nafsi

Katika Zaburi ya 42 na ya 43 twamwona mtu akiiuliza nafsi yake sababu ya kuinama kwake. Aiuliza mara 3, maana wazo zito haliondoki kwa kuulizwa mara moja.

Mwalimu wa kijiji aonaye viti vitupu Jumapili huwaza usiku: "Wamenikataa." Na alihoji wazo hilo kama shahidi barazani: Nani aliyekuambia? Umeona kwa macho, au wakisia tu? Huenda ni juma la kupanda, au kuna msiba ng'ambo ya mto. Wengine husema kuhoji hivi ni upungufu wa imani. Sisi hatuoni hivyo. Kabla hajaandika barua ya kuacha kazi, na aende kwanza nyumbani kwao akawaulize wenyewe.