MAMA ASIACHWE PEKE YAKE
Somo la kikundi: kumhudumia mama wakati wa uchungu na kujifungua



Injili ya Luka inatueleza kwamba Bikira Maria alipopata habari ya mimba ya Elizabeti, alifunga safari ya milimani na kukaa naye kama miezi mitatu. Hakutuma salamu tu, alikwenda mwenyewe. Somo letu ni hilo hilo: mama akae na mtu tangu uchungu unapoanza hadi baada ya mtoto kuzaliwa.

TUANZE NA MFANO

Mama ameshikwa na uchungu jioni. Mume anahangaika kutafuta nauli. Mama mkwe anasema, "Ngojeni kwanza, mimi nilizaa saba hapa hapa nyumbani." Saa nane usiku mtoto anazaliwa mzima. Vigelegele! Watu wote wanamzunguka mtoto. Mama amelala pembeni, leso zimelowa. Akisema damu ni nyingi, anajibiwa, "Huo ni uchafu, acha utoke." Kunapopambazuka mwili wake ni baridi, na gari bado linatafutwa.

Je, kosa lilikuwa wapi? Tusimlaumu mama mkwe peke yake. Mume hakuweka akiba, majirani hawakuuliza, na sisi wanakikundi tulikuwa wapi?

UCHUNGU UKIANZA

Mama apelekwe kituo cha afya mapema. Asipewe dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu. Dawa hizo zaweza kumdhuru mtoto na hata kupasua tumbo la uzazi.

Mtu wa kumsindikiza, awe mume, dada au rafiki, awe yule mama mwenyewe anayemtaka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mwenzake wakati wa kujifungua. Kazi zake ni hizi:

1. Kumsaidia kutembea, kuchuchumaa au kulala kwa ubavu. Kulala chali muda mrefu si vizuri.
2. Kumpa chai, uji au maji, kama nesi hajakataza.
3. Kumkumbusha kwenda haja ndogo mara kwa mara.
4. Kumsugua mgongo na kumtia moyo. Matusi na makofi hayasaidii kuzaa!
5. Kutomhimiza asukume kabla ya wakati. Akisukuma njia haijafunguka, anachoka bure.

Nesi naye anasikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa au chini ya hapo, anapima presha, anaangalia njia inavyofunguka, na kuandika yote. Ukiona hayo hayafanyiki, uliza kwa heshima. Kuuliza si ukorofi.

MTOTO AKITOKA

Mtoto apanguswe vizuri na kuwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Asioshwe siku hiyo. Anyonye ndani ya saa ya kwanza. Kitovu kisikatwe kwa haraka, mtoto mzima aweza kungojewa dakika 1 hadi 3. Mama apewe dawa ya kukaza tumbo la uzazi, kwa kawaida ni sindano, mara tu mtoto anapotoka. Sindano hiyo inapunguza damu, na ni sababu moja kubwa ya kujifungulia kituoni.

Sasa sikilizeni vizuri. Saa mbili za kwanza baada ya kuzaa ni za hatari. Mmoja amwangalie mtoto, mwingine asitoke kwa mama. Damu kidogo ni kawaida. Lakini damu inayotiririka, au inayofika nusu lita, yaani vikombe viwili vikubwa vya chai, si uchafu. Ni uhai wa mama unaomwagika.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti katika hospitali karibu 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Damu ilipimwa kwa karatasi ya plastiki yenye alama, na ilipozidi, matibabu yote yalitolewa kwa pamoja bila kungoja. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60. Kumbe kinachoua zaidi ni kuchelewa!

Ikiwa mama amezalia nyumbani au njiani na damu inazidi, tafuteni gari mara moja. Mkiwa njiani mtoto anyonye, mama akojoe akiweza, tumbo chini ya kitovu lisuguliwe mpaka liwe gumu, na afunikwe apate joto. Msiingize kitu chochote ukeni wala kuvuta kondo la nyuma.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

- Damu wakati wa uchungu
- Degedege, kuumwa sana na kichwa, au macho kuona giza
- Maji ya kijani, au homa
- Mkono au kitovu kutangulia
- Uchungu kupita saa 12
- Kondo la nyuma kutotoka kwa nusu saa

TUJADILIANE

1. Katika kijiji chetu, nani huamua mama aende hospitali? Akiwa safarini, nani anaamua?
2. Ni maneno gani huwafanya akina mama waogope kituo cha afya? Tutafanya nini?
3. Usiku wa manane, gari au boda boda ya nani itatubeba?

KAZI YA MWEZI HUU

Andikeni akina mama wote wajawazito wa eneo lenu. Kwa kila mmoja, chagueni msindikizaji, dereva, na mtu wa kubaki na watoto. Hakikisheni amejiandikisha SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Tengeni sehemu ya mchango wa kikundi iwe akiba ya dharura, na ufunguo wa sanduku ukae karibu. Pesa iliyofungiwa haikodi gari.

Mungu awabariki. Mkutano ujao mtuambie mmefika wapi.