Jinsi ya kupunguza gharama ya makaa na stima bila kuhatarisha afya

Julai moja, miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja kutoka sehemu za Limuru aliniletea mtoto wa miezi minane aliyekuwa na nimonia. Nilimpa dawa, nikamwambia arudi baada ya siku mbili, na alipofika mlangoni nikaongeza maneno ambayo sisi madaktari huyasema bila kufikiri: "Mama, hakikisha mtoto hapigwi na baridi." Alirudi kesho yake asubuhi akiwa na mumewe. Wote wawili walikuwa wakiumwa na kichwa, wakitapika na kuona kizunguzungu, na mtoto alikuwa amelegea. Nilidhani ni malaria, kisha nikadhani ni chakula kilichoharibika. Baba ndiye aliyenifumbua macho aliposema kwamba angalau chumba kilikuwa na joto zuri usiku kucha. Walikuwa wameingiza jiko la makaa ndani na kuziba nafasi ya chini ya mlango kwa gunia ili joto lisipotee bure.

Walipona wote watatu baada ya kupewa oksijeni hospitalini. Lakini nilikuwa nimetoa nusu ya ushauri, na nusu ya ushauri ilikaribia kuua jamaa nzima. Tangu siku hiyo, mgonjwa akija kwangu na kikohozi humwuliza anapika kwa kutumia nini, jiko liko wapi, na kila wiki hutumia pesa ngapi kununua makaa, gesi au tokeni za stima. Wengine hushangaa na kuniuliza swali la pesa lahusu nini kifua chao. Msomaji, lahusu sana.

Watu wengi huamini kwamba hatari ya makaa ni moshi, na kwamba yakishaiva na kuwa mekundu bila moshi, jiko laweza kuingizwa chumbani. Sivyo. Makaa mekundu hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hujishikiza kwenye chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu hujaa gesi, na ubongo na moyo hukosa hewa. Aliyelala hazinduki kwa kuwa hakuna kinachomsumbua puani. Ukiona watu wa nyumba moja wameamka wote na maumivu ya kichwa na kutapika lakini hawana homa, watoe nje kwanza, ndipo utafute gari la kuwapeleka hospitali. Na kwa baridi ya Juni na Julai, ongeza blanketi na soksi. Kuziba madirisha ili kuhifadhi joto kwaweza kufaa nyumba isiyo na moto ndani. Penye jiko, kuziba dirisha ni hatari.

Moshi nao una madhara yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka wa 2020. Miongoni mwao ni watoto wa chini ya miaka mitano wanaokufa kwa nimonia, kwa kuwa mtoto huyo hushinda mgongoni mwa mama anapopika. Ukimwona mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano anapumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au wa miezi miwili hadi kumi na mmoja anapumua mara 50 au zaidi, usingoje kesho.

Sasa tuingie katika hesabu. Moshi ni sehemu ya kuni uliyoinunua ambayo haikuungua. Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yaliyomo ndani yake kabla ya kuchemsha sufuria yako, kwa hiyo hulipa mara mbili: mfukoni na kifuani. Zipasue ziwe nyembamba, uzianike, na uziweke mahali pasiponyeshewa. Kwa wanaotumia makaa, lile jiko la bati lenye udongo ndani, lililoanza kuenea nchini miaka ya 1980, laweza kuokoa kati ya theluthi moja na nusu ya makaa yanayoteketea katika jiko la bati tupu, kwa sababu udongo huzuia joto lisitokee ubavuni. Lichunguze kabla ya kulinunua. Udongo ukiwa na ufa, faida hupungua. Na ijapokuwa hutumia makaa machache, bado hutoa ile gesi niliyoitaja, basi lipikie mahali penye hewa.

Lakini makaa mengi hupotelea katika maharagwe na githeri kuliko katika aina ya jiko. Wakaaji wa nyanda za juu wanajua jinsi maharagwe yanavyokataa kuiva. Sababu ni kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kabla ya kufikia joto la kawaida. Penye mwinuko wa mita 2,000 huchemka karibu nyuzi 93 badala ya 100. Kuongeza makaa hakusaidii, kwa kuwa maji yanayochemka hayazidi joto hilo hata moto uwake namna gani. Yaloweke usiku kucha, umwage yale maji, kisha upike kwa maji mapya ukiwa umefunika sufuria, na yakianza kuchemka upunguze moto. Mwenye uwezo anunue sufuria ya presha, ambayo hupandisha joto hadi karibu nyuzi 120.

Kuna pia kikapu kilichoshonewa matambara au pamba ndani, ambacho wake wengi wa vijijini wamefundishwa kukitengeneza. Chakula kikishachemka huwekwa humo na sufuria yake, na joto lake lenyewe humalizia kuivisha. Mimi nakipenda sana, ila nina onyo moja. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayoharibiwa na joto kali tu. Yakitiwa kikapuni kabla ya kuchemka vya kutosha, sumu hubaki, na kula punje chache tu kwaweza kuleta matapishi na kuhara. Yachemshe kwa nguvu nusu saa kamili kwanza. Na chakula kilicholala kikapuni kichemshwe tena kabla ya kuliwa.

Mahali ambapo nakataa kabisa watu wafanye uchumi ni maji ya kunywa na maziwa mabichi. Hata hivyo, hakuna haja ya kuyatokota maji robo saa nzima kama wengi wafanyavyo. Yakibubujika dakika moja yatosha, au dakika tatu kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Asiye na makaa ya kutosha atumie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Kwa nyumba zenye stima, watu huhangaika kuzima taa wakasahau bafu. Kifaa cha kuoshea kinachopasha maji papo hapo hula wati 5,000 au zaidi. Kikiwaka dakika 12 kimemaliza yuniti moja. Watu watano wakioga dakika 12 kila mmoja, hizo ni yuniti 150 kwa mwezi; wakioga dakika sita, ni 75. Linganisha na taa: balbu ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila jioni hutumia yuniti tisa kwa mwezi, na ya LED ya wati tisa hutumia chini ya moja na nusu. Badilisha balbu, ndiyo, lakini anza na vijana wanaoimba bafuni. Pasi nayo iwashwe mara moja kwa nguo za wiki.

Friji ndiyo huniletea wagonjwa. Wapo wanaoizima usiku ili tokeni zifike mwisho wa mwezi, na ndani yake mna nyama, maziwa, na wakati mwingine insulini ya nyanya mwenye kisukari. Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyokwisha kufunguliwa yaweza kukaa nje ya friji kwa muda wa wiki nne hivi, mahali pasipo na joto jingi wala jua. Soma karatasi iliyomo ndani ya pakiti. Basi ukiwa huwezi kulipia friji, mwambie daktari wako waziwazi akupe chupa moja moja, na hiyo unayoitumia uiweke ndani ya chungu kilichowekwa katika chungu kikubwa zaidi, katikati ukitia mchanga ulioloweshwa maji. Ifunge kwa mfuko wa plastiki isilowe, na umwagie mchanga maji asubuhi na jioni.