Askari wa Sentimita Tano

Maboksi ya visanamu vya vita yamejaa Wajerumani na Wamarekani. Askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Mwingereza, au wa Schutztruppe, jeshi la Mjerumani, aliyepigana huku kwetu Afrika Mashariki tangu 1914 hadi 1918, mara nyingi itakubidi umuunde mwenyewe: kiwiliwili cha huyu, mikono ya yule.

1. Chagua mwaka kabla ya rangi. Mwaka 1914 askari wengi wa Mjerumani bado walibeba Mauser ya 1871, bunduki ya moshi mzito uliowafichua walipojificha. Za kisasa zaidi zilikuja na meli iliyopenya hadi ghuba ya Manza, karibu na Tanga, 1915. Ukikosea bunduki, mjuzi ataiona kabla ya ule uso uliokesha ukiupaka.

2. Anza na kipimo cha 1:35. Mtu wa sentimita 175 anakuwa wa sentimita 5. Katika 1:72 hafiki hata 2.5, na macho huwezi kuyachora. Weka kivuli tu.

3. Osha vipande kwa maji ya sabuni, vikauke. Mafuta ya kiwandani hukataa rangi.

4. Kwangua mshono wa plastiki kwa ubavu wa wembe. Kama ni rezini, piga msasa ukiwa umevaa barakoa.

5. Sasa miguu, penye kazi yenyewe. Askari wengi wa KAR walipigana pekupeku, miundi imezungushiwa vitambaa. Boksi litakupa buti. Zikate kifundoni, penyeza waya, kisha finyanga mguu kwa puti ya epoksi, vidole vyako vikiwa na maji isikunate. Vidole vya askari vichonge kwa kijiti cha meno puti ikianza kukaza; ukiwahi, vinafutika. Vyangu vya kwanza vilitoka kama tangawizi. Vitambaa ni ukanda wa karatasi nyembamba uliolowa gundi: anzia kifundoni, panda juu.

6. Ngozi usianze na nyeusi. Weka kahawia iliyokolea yenye wekundu kidogo, kisha nyanyua mashavu, pua na vifundo vya vidole kwa kahawia yenye manjano. Ukitia nyeupe, anapauka kama aliyeoga akasahau mafuta.

7. Kaki iwe imefifia mabegani, palipopigwa jua. Udongo wa kusimamia uchekeche na uukaange wadudu wafe. Kikaango kiwe chako, si cha chapati.

8. Ukipita Dar es Salaam, izunguke sanamu ya Askari, kazi ya James Alexander Stevenson iliyosimamishwa 1927. Tazama mwili unavyofuata singe iliyoelekezwa bandarini. Piga picha hata kwa nyuma. Migongo ndiyo hukosekana vitabuni.

9. Ukimaliza askari, muunde na mpagazi, mzigo kichwani. Kariakoo ilipata jina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Kwenye sanamu ya kumbukumbu ya vita hivyo iliyoko Nairobi yumo. Kwenye boksi la dukani sijamwona bado.