Meneja wa Bendi ya Kibirizi

Swali: Nasimamia bendi hapa Kibirizi. Zamani tuliishi kwa viingilio vya dansi. Sasa nyimbo zasikilizwa simuni. Nimebakiwa na kazi gani?

Jibu: Ndugu yangu, kazi imezidi, kwani zamani meneja alihesabu viingilio mlangoni akawagawia wapigaji ujira usiku ule ule, ilhali leo fedha ya wimbo huja kidogo kidogo, nayo humfikia yule tu ambaye jina lake limeandikwa. Basi kabla wimbo haujatoka, andikeni nani katunga, nani kapiga gitaa, na fungu la kila mmoja, wote mtie saini; kisha isajili kazi COSOTA, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Kuacha hayo ni kuwadhulumu vijana wa bendi yako. Wala dansi usiliache: pangeni usiku wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzisha karabai zao, wakapata nafasi ya kuja kucheza.